Tairi la gari la rimoti linavuka rimu: soma gundi iliyoachia kabla ya kununua nyingine

SWALI: «Shikamoo mtaalamu. Nina gari la rimoti la umeme la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila Jumamosi tunashindana na wenzangu kwenye uwanja wa udongo tulioutengeneza wenyewe huku Uyole, Mbeya. Ndugu yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam matairi mapya laini yenye vipini vidogo (vile vijino vya mpira vinavyoshika udongo), pamoja na rimu na sponji zake, vyote vikiwa bado havijabandikwa. Niliyaosha kwa petroli, nikayabandika kwa supagluu ya dukani, na tairi la nyuma la kulia likavuka rimu siku ileile. Mara ya pili nikatumia gundi ya viatu, halikumaliza hata mzunguko mmoja. Mara ya tatu nikamimina supagluu nyingi. Ilishika kwa siku moja, kisha ikapasuka kama kioo. Isitoshe, asubuhi gari linateleza sana, na mchana vipini vinaisha haraka. Je, gundi ni feki, matairi laini hayafai Mbeya, au gari langu lina nguvu kupita kiasi? Na je, nitoboe matundu ya hewa au nisitoboe?»

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kila hatua uliyopitia, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Unashuku vitu vitatu: gundi, ulaini wa matairi na nguvu za gari. Nitavigusa vyote, lakini kwanza nina ombi moja. Kama tairi lililovuka mara ya tatu bado lipo, usilikwangue wala usilifute. Lichukue pamoja na rimu yake, ulipeleke penye mwanga wa jua, uangalie gundi imebaki upande gani. Wengi hukwangua kwanza, kisha hukimbilia dukani kununua kitubu kingine, na kwa kufanya hivyo hufuta alama ambazo zingewaonyesha walipokosea.

Gundi iliyoachia inasomeka. Ikiwa imebaki yote kwenye mpira, na rimu inang'aa kama ilivyotoka kwenye pakiti, basi gundi haikuwahi kuishika rimu. Kosa liko kwenye plastiki, ambayo ama ilikuwa na mafuta ama haikukwanguliwa. Ikiwa imebaki kwenye rimu na ukingo wa tairi uko laini na mtupu, basi ni mpira ndio haukusafishwa. Ikiwa imegawanyika, nusu huku na nusu kule, na katikati inaonekana nyeupe yenye nyufa, basi iliwekwa nene mno au ilikuwa imezeeka. Na ikiwa kwenye rimu umebaki ukanda mwembamba wa mpira uliochanika kutoka kwenye tairi, gundi yako ni nzuri na kazi yako ilikuwa safi. Hapo tafuta sababu nyingine, kama vile mpira uliochoka au sponji isiyolingana na tairi. Kwa hiyo swali lako kuhusu gundi feki linaweza kujibiwa na hilo tairi lenyewe kabla hujatoa shilingi nyingine mfukoni.

Nikupe mfano. Kijana mmoja wa Kihesa aliniletea hapa Iringa magurudumu manne, akiwa na hakika kwamba ameuziwa gundi mbovu. Nilipokunja ubavu wa tairi la kwanza, gundi yote ilibanduka kutoka kwenye rimu ikiwa pete moja nzima, nyembamba na angavu kama bangili ya plastiki, imeng'ang'ania mpira barabara. Nikaiweka chini ya taa. Upande uliokuwa umelalia rimu ulikuwa umechukua sura ya mistari ya plastiki hiyo kwa usahihi wote, na katika sehemu tatu kulikuwa na alama za kidole gumba, mikunjo yake ikihesabika. Kijana yule alikuwa ameshika rimu kwa mkono mtupu wakati wa kuvalisha tairi, na mafuta ya ngozi yake yakabaki kati ya gundi na plastiki. Kitubu kilekile alichokilaumu ndicho tulichotumia kurudia kazi, baada ya kusafisha upya, na magurudumu yale yanakimbia mpaka leo.

Sasa tuone kwa nini tairi la gari dogo hivi linahitaji gundi, wakati la gari kubwa halihitaji. Tairi la gari kubwa hukandamizwa kwenye rimu na upepo uliojazwa ndani, lakini la gari la rimoti halijazwi upepo; linabebwa na sponji tu. Chukua tairi la nyuma lenye kipenyo cha karibu milimeta 85. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 2,500 kwa dakika, na kila gramu 1 ya mpira kwenye kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga ardhi, huvutwa kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu gramu 300. Ukifikisha kilomita 60 kwa saa, gramu hiyohiyo huvuta kama zaidi ya gramu 650, kwa sababu nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ongeza na nguvu za kona: mpira wa chini umeushika udongo huku rimu ikitaka kuendelea kwenda nje, hivyo ukingo wa nje wa tairi lililoelemewa huvutwa utoke kwenye mfereji wake, ule wa kwenye rimu unamokaa ukingo. Kama kona zenu nyingi zinakata kushoto, ni kawaida kabisa kwamba la nyuma la kulia ndilo linalotangulia kuachia. Gari lako, basi, halina nguvu kupita kiasi. Magari ya aina hiyo yenye mota kali kuliko yako hushindana msimu mzima na matairi yake yakabaki mahali pake.

Kuhusu petroli, naomba uiache kabisa. Najua inavyotokea: gereji zetu husafishia petroli kila kitu, na kweli huondoa grisi kwenye chuma. Lakini mpira hunywa petroli. Ukingo wa tairi huvimba kidogo, kisha kwa saa nyingi baadaye huendelea kutoa mvuke wa ile petroli iliyonywewa, na mvuke huo hutokea palepale ulipoweka gundi. Tairi likikauka hurudi kwenye umbo lake, na gundi iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kulifuata. Tena petroli huacha utando wa mafuta, mbali na hatari ya moto ndani ya nyumba. Kinachohitaji kuondolewa kwenye tairi jipya ni vitu vinavyopakwa kwenye kalibu kiwandani ili mpira usigande humo. Rimu nazo hutoka na utando wa namna hiyohiyo. Vitu hivyo huondoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani, na baada ya kukauka unapitisha spiriti ya duka la dawa kwa kitambaa safi. Kama umepata spiriti kali yenye maji kidogo ni bora zaidi, kwa sababu hukauka upesi. Jihadhari na asetoni ya saluni ya kuondolea rangi ya kucha, kwani nyingi huongezwa mafuta ili zisikaushe kucha, na mafuta ndiyo adui wetu hapa.

Gundi ya viatu nayo ina kazi yake, na anayeitumia kwenye soli hakosei. Mwangalie fundi baiskeli anavyobandika kiraka: anakwangua tyubu kwa msasa, anapaka sulusheni, anasubiri mpaka isinate tena kidoleni, ndipo anakandamiza. Gundi za namna hiyo hubaki laini na zenye kunyumbulika, jambo zuri kwa mpira juu ya mpira, lakini zikivutwa mfululizo huteleza taratibu, na rimu za nailoni hazizipokei vizuri. Kwenye gurudumu linalozunguka mara 2,500 kwa dakika huo utelezi ni wa sekunde chache. La kuiga kwa fundi baiskeli ni uvumilivu wake wa kukwangua na kusubiri. Sulusheni yake tumwachie mwenyewe.

Na sasa supagluu yenyewe, maana ukiielewa inavyofanya kazi hutaimimina tena. Gundi hiyo, ambayo wanakemia huiita sianoakrileti, haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya karatasi wala kama rangi ya ukutani. Chembe zake zinapokutana na unyevu mdogo sana uliopo daima juu ya vitu, hushikana mkono moja baada ya nyingine na kuwa minyororo mirefu ya plastiki ngumu. Kwa kuwa unyevu huo uko juu ya nyuso mbili zinazobanwa, gundi hugeuka ngumu kuanzia kwenye nyuso kwenda katikati. Tabaka likiwa jembamba kama karatasi, minyororo hukutana mara moja. Likiwa nene, katikati hubaki laini kwa muda mrefu, na hatimaye inakuwa kitu kigumu kisichopinda, kinachopasuka kwa mshtuko. Ndiyo maana kazi yako ya tatu ilishika siku moja, kisha ikavunjika kama kioo: uliongeza gundi ukidhani unaongeza nguvu, kumbe ulikuwa unaongeza unene. Jambo jingine ni kwamba supagluu ina nguvu nyingi inapovutwa moja kwa moja, lakini ni dhaifu inapobanduliwa kutoka pembeni, kama mtu anavyobandua plasta kwenye kidonda. Kwa sababu hiyo ukingo wa tairi lazima ukae sawasawa ndani ya mfereji wa rimu. Mfereji ndio unaobeba mzigo. Gundi inauzuia ukingo usitoke humo.

Hapa kwetu Nyanda za Juu hali ya hewa inaingia katika hesabu. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi zake ni za baridi hasa. Baridi hupunguza kasi ya gundi kushika. Kiangazi kinapokaza, mwezi wa tisa na wa kumi, hewa huwa kavu mpaka midomo inapasuka, na ukavu huo pia huichelewesha, kwa vile unyevu ni haba. Masika mambo hugeuka: unyevu ukizidi, gundi hushika kabla hujalinganisha tairi, na pembeni huacha unga mweupe. Watengenezaji wa gundi hizi hupendekeza unyevu wa hewa wa kati, takribani asilimia 40 hadi 60. Huhitaji kipimo chochote kulifuata hilo. Bandika mchana, ndani ya chumba chenye joto la kawaida na madirisha wazi. Wakati wa kiangazi tandaza taulo lililoloweshwa kwenye kiti cha jirani saa moja kabla ya kazi. Siku ya mvua kubwa, ahirisha.

Kitubu chenyewe kikague kabla ya kukilipia. Supagluu nzuri ya kazi hii hutiririka kama maji au kama mafuta ya kupikia. Ikiwa inavutika kama asali, imekwisha kuanza kugeuka ndani ya kitubu, na hiyo hutokea kwa gundi iliyokaa muda mrefu kwenye kibanda kinachopigwa na jua. Fanya jaribio dogo: kata kipande cha tairi lililokufa, ukisafishe, ukibandike kwa tone moja kwenye rimu iliyovunjika, ukiache mpaka kesho yake, kisha ukivute kwa koleo. Mpira ukichanika kabla ya gundi kuachia, umepata gundi halali, iwe ya bei kubwa au ndogo. Ipo pia aina nyeusi iliyochanganywa na mpira, inayostahimili mishtuko zaidi, ingawa hushika polepole. Ukiipata ni nzuri, usipoipata si sababu ya kushindwa.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Osha matairi na rimu kama nilivyoeleza, uziache zikauke kabisa. Chukua msasa laini, ukwangue mfereji wa rimu kuuzunguka wote, pande zote mbili, mpaka ule mng'ao ufifie. Kwangua kidogo pia ukingo wa tairi mahali utakapogusana na rimu. Pitisha spiriti tena, na kuanzia hapo usiguse mahali pa gundi kwa kidole kitupu. Shika rimu kwenye kitovu. Ingiza sponji ndani ya tairi na uizungushe kwa vidole mpaka ikae bila mkunjo. Angalia mshale wa mwelekeo kama tairi linao, kwa sababu hakuna uchungu kama wa kumaliza magurudumu mawili na kugundua kwamba yote ni ya upande mmoja. Valisha tairi kwenye rimu, kisha bonyeza ubavu kuzunguka na kuchungulia: sponji isibanwe hata kidogo kati ya ukingo na mfereji. Hili ni kosa la kimyakimya. Gundi hunyonywa na sponji, unaamini umebandika mpira, na kumbe pale pote hapajabandikwa kitu.

Kisha kata ukanda kutoka kwenye tyubu ya zamani ya baiskeli, ule ule unaofungia mizigo kwenye keria, na uufunge kuzunguka kashata ili mpira usukumwe kuelekea rimu kwa nguvu iliyo sawa pande zote. Laza gurudumu juu ya kikombe, upande mmoja ukitazama juu. Inua ukingo kwa ncha ya kidole gumba, si zaidi ya milimeta 2 au 3, udondoshe tone dogo ndani ya mfereji, uachie, ubonyeze kwa hesabu ya thelathini. Anza na sehemu nne zinazoelekeana, kama saa 12, saa 6, saa 3 na saa 9 kwenye uso wa saa, ili tairi lisivutike upande mmoja. Baada ya hapo rudi ujaze katikati. Gundi nyepesi haihitaji kusukumwa. Itajipenyeza yenyewe katika mwanya ule mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Subiri robo saa kabla ya kugeuza upande wa pili, na uhakikishe kwamba umebandika upande wa ndani kwa uangalifu uleule wa upande wa nje, kwa maana wengi huupuuza kwa kuwa hauonekani. Usitumie dawa ya kuharakisha kushika, kwa sababu huifanya gundi iwe ngumu na yenye kuvunjika zaidi. Usikimbize gari siku hiyo. Supagluu hushika kwa sekunde chache, lakini nguvu zake kamili huzipata baada ya takribani saa 24. Kesho yake kunja ubavu kwa gumba kuzunguka gurudumu zima. Utakapoona mwanya, ongeza tone moja na usubiri tena.

Kuhusu matundu ya hewa, jibu langu ni kwamba utoboe. Hewa iliyofungiwa ndani hulifanya tairi liruke kama mpira wa kitenesi kila linapokanyaga tuta, badala ya kulala juu ya udongo. Huku kwetu kuna sababu ya pili. Gurudumu lililozibwa Mbeya limefungiwa hewa nyepesi ya mita 1,700. Ukishuka nalo kwenda kushindana Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni karibu mita 500 tu, hewa ya nje huwa nzito zaidi kwa takribani asilimia 15, na tairi hubonyea kana kwamba limepata pancha, wakati gundi yake ni nzima kabisa. Angalia kwanza kama rimu zako hazikuja na matundu tayari. Kwa uwanja wa vumbi kama wa Uyole mimi hupendelea kutoboa tairi lenyewe, matundu 2 ya milimeta 2 au 3 katikati ya vipini, yakielekeana, na kuziba ya rimu kwa utepe. Gurudumu linapozunguka hutupa nje maji na vumbi lililoingia. Sponji laini yenye vinyweleo wazi hunywa maji kama sponji ya kuogea, hivyo baada ya mbio za kwenye tope kamua gurudumu na ulikaushe kivulini.

Sasa ulaini. Umeona mambo mawili yanayoonekana kupingana, kwamba asubuhi tairi linateleza na mchana linaisha, na yote mawili ni kweli kwa sababu mpira ni mwingine asubuhi na mwingine mchana. Mpira ukipoa huwa mgumu na hauwezi kujikunja kufuata punje za udongo. Saa 2 asubuhi mwezi wa saba, tairi lako laini linafanya kazi kama la wastani. Saa 7 mchana, ardhi ikiwa imepigwa na jua letu kali la milimani, mpira uleule umelainika, vipini vinapinda, na changarawe inavikata kwenye mashina. Kwa hiyo matairi laini yanafaa Mbeya, ila si kwa siku nzima. Kama uwezo unaruhusu, weka seti mbili za nyuma: laini za asubuhi na za siku baada ya mvua, na za wastani kwa mchana mkavu. Kama ni seti moja tu, ningechagua ya wastani, nikubali kuendesha kwa upole mbio za kwanza. Usiamini sana jina lililoandikwa kwenye pakiti, kwa maana kila kampuni ina majina yake na laini ya mmoja yaweza kuwa ya wastani kwa mwingine; bonyeza kashata kwa ukucha na ulinganishe mwenyewe.

Umbo la kashata chagua kwa kuutazama uwanja. Buruza soli ya kiatu chako kwenye mstari wa mbio. Ikiacha mfereji wa vumbi wa sentimeta moja, unahitaji vipini virefu vilivyoachana, vinavyopenya vumbi mpaka kwenye udongo mgumu wa chini. Ikiwa udongo umeshindiliwa na soli inagoma kuburuzika, vipini vifupi vilivyosongamana vitakupa mguso mkubwa zaidi. Udongo wa Uyole ni wa asili ya volkano, mwepesi, na kiangazi hutoa vumbi laini juu ya tabaka gumu. Mkimwagilia maji jioni kabla ya Jumamosi, uwanja wenu utabadilika tabia, na huenda matairi uliyo nayo yakatosha. Mbele, kwa gari linalosukumwa nyuma, matairi yenye mistari ya kuzunguka hutosha. Ukiyapa mshiko mwingi kuliko ya nyuma, mkia utazunguka kila unapoingia kona. Soma pia vipini vinavyokwisha. Vikilika katikati tu, tairi linavimba kwa mwendo na sponji haiendani nalo, hivyo weka ngumu kidogo. Vikilika kingo za nje, sponji imelegea. Vikichanika mashinani, mpira ni laini mno kwa siku ile.

Rimu zako za sasa usizitupe. Zichemshe pamoja na matairi kwenye sufuria ambayo haitatumika tena kupikia, ukijua kwamba maji yetu ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi karibu 94 badala ya 100, hivyo vumilia zaidi ya ilivyoandikwa na watu wa pwani: chemsha nusu saa, vaa glavu za mpira, bandua kinachobanduka, urudishe. Asetoni halisi huyeyusha gundi vizuri, na rimu za nailoni huistahimili, lakini plastiki za aina nyingine hulainika na kuharibika, kwa hiyo ijaribu kwanza sehemu ya ndani isiyoonekana. Asetoni usiipashe moto kamwe, wala usiikaribishe jikoni.

Naomba pia uiheshimu gundi yenyewe. Usiifute kwa pamba, wala usivae glavu za pamba au nguo ya sufi yenye mikono mirefu ukifanya kazi hii. Supagluu nyingi ikikutana na pamba huchemka kwa ghafla na inaweza kuunguza ngozi, na kama imemwagika kwenye nguo, imwagie maji mengi badala ya kuikamata. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uviachanishe kwa kuviringisha taratibu, bila kuvivuta kwa nguvu. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi ya uvuguvugu, usijaribu kufungua kope zilizogandana, usiweke dawa yoyote ya kienyeji wala asetoni, na uende hospitali saa hiyohiyo, kwa Mbeya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, hata kama maumivu ni kidogo. Vaa miwani, matone huruka hasa pale unapoachia ukingo ulioinuliwa. Watoto wakae mbali na meza.

Na kuna hali ambazo maandishi hayatoshi. Kama baada ya kufuata haya yote tairi linaloachia ni lile lile la nyuma la kulia, huku mengine matatu yakishika, weka gari juu ya kitu ili magurudumu yaelee, uliwashe kwa mwendo mdogo, ukae pembeni yake na uliangalie gurudumu hilo. Likiyumba, ekseli imepinda au kitovu cha pembe sita kimeliwa, na hakuna gundi itakayolivumilia. Mpelekee fundi anayeyajua magari haya, au yeyote mwenye mkono mwepesi wa kazi za vyuma vidogo, aipime ekseli. Ukienda kwake, mpelekee na gurudumu lililoachia likiwa vilevile lilivyotoka uwanjani, halijafutwa wala kukwanguliwa.